Nguva wa Shaba

Sanamu hazina nafasi majumbani mwetu, na hilo silijadili. Lakini nguva wa shaba nyeusi, "Water Woman", aliyeundwa mwaka 2017 na Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, amenishughulisha. Kiwiliwili cha mwanamke, mkia wa nguva: ndiye yule wa ngano zetu, awavutaye wavuvi hadi kilindini.

Nguva halisi, masikini, ni mnyama mpole, mla nyasi za baharini, amnyonyeshaye mwanawe. Jarife humnasa akafa kwa kukosa pumzi. Mwaka 2022 shirika la hifadhi IUCN lilisema pwani ya Afrika Mashariki wamebaki wakubwa wasiofika 250. Basi nani amzamishaye mwenziwe? Swali hilo tulistahili kuliuliza sisi washairi wa pwani; ametutangulia mtu wa bara.