Badilisha visu vyote, ila kile cha baba

Je, umewahi kuanza na kitu cha shilingi mia moja ukaishia na cha elfu tano? Hivyo ndivyo wafanyavyo wakusanyaji wa visu vya kukunja. Hununua visu viwili vitatu vya bei nafuu, wakavisafisha, kisha wakampa mwenzao vyote ili wapate kimoja kilicho bora.

Siri iko machoni. Bapa lililonolewa mpaka likakonda halina thamani. Kisu kizuri hualika kinapofunguliwa, na ukikitikisa hakichezi. Kutu kidogo isikutishe. Futa kwa mafuta, lakini usisugue kwa msasa, maana utafuta alama ya kiwanda iliyo karibu na mpini. Hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Kampuni ya Case ya Marekani, kwa mfano, mwaka wa 1970 ilitia nukta 10 katika alama yake, ikawa inaondoa moja kila mwaka. Nukta 3 maana yake ni 1977. Mwaka wa 1980 ilianza upya na nukta 10, ila herufi S ikachorwa mfano wa radi. Asiyejua hilo hupunjwa miaka kumi mchana peupe!

Sasa sikiza yaliyonipata. Nilianza na kisu chenye kutu nilichonunua Gikomba. Nikabadilisha, nikabadilisha tena, tamaa ikanipanda. Siku moja jamaa mmoja alinionyesha kisu chenye mpini wa mfupa, kinang'aa. Akataka viwili. Nilikuwa na kimoja tu, pamoja na kile cha marehemu baba, alichotumia kumenyea machungwa. Nikavitoa vyote.

Mama alipokuja kututembelea, alikaa mezani na chungwa mkononi, akauliza, "Kile kisu cha babako kiko wapi?"

Nilimtafuta yule jamaa siku iyo hiyo. Alikuwa amekwisha kukibadilisha, wala hakumjua aliyekichukua. Kile cha mfupa ningali nacho. Sijawahi kukimenyea chungwa.

Kwa hivyo msomaji, kabla hujaanza, tenga kando kile kisichouzwa wala kubadilishwa, na uwaambie watu wa nyumbani kwako. Majuto ni mjukuu. Nanyi wanafunzi, kisu hukaa nyumbani, si katika mkoba wa shule.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.