Biliadi Asia: Funzo kwa anayetegemea mnunuzi mmoja

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia bei za mazao, viwango vya kubadilisha fedha na mwenendo wa hisa. Wiki hii namwomba msomaji radhi, kwani nampeleka kwenye meza ya biliadi. Simpeleki kuburudika. Meza hiyo ina hesabu ambayo kila mwenye mtaji mdogo anapaswa kuijua kabla hajatoa fedha zake mfukoni.

Biliadi, kwa maana ya michezo yote inayochezwa kwa fimbo na mipira juu ya meza, iliingizwa katika Michezo ya Asia kwa mara ya kwanza mjini Bangkok, Thailand, mwaka 1998. Ikachezwa tena Busan, Korea Kusini, mwaka 2002. Doha, Qatar, mwaka 2006. Na Guangzhou, China, mwaka 2010, ambako zilishindaniwa medali 10 za dhahabu. Baada ya hapo, kimya. Haikuwamo Incheon mwaka 2014, haikuwamo Jakarta na Palembang mwaka 2018, wala haikuwamo Hangzhou, katika michezo ya 2022 iliyosogezwa hadi 2023.

Kwa lugha ya soko la hisa, hii ni kampuni iliyoorodheshwa mwaka 1998 na kufutwa kwenye orodha baada ya 2010. Waliokuwa wamewekeza hawakupigiwa kura ya maoni. Waliarifiwa tu.

Kwa nini iliondolewa

Sababu haikuwa kwamba mchezo ulikosa wachezaji au watazamaji. Michezo ya Guangzhou ilikuwa imevimba mno: aina 42 za michezo na medali 476 za dhahabu. Kila mchezo unaoongezwa unadai ukumbi, waamuzi, malazi na usafiri, na anayelipa ni mji mwenyeji. Baraza la Olimpiki la Asia likaamua kuweka kikomo cha michezo 35, yaani 28 ya Olimpiki na isiyozidi saba mingine. Incheon hatimaye ikawa na 36.

Mwenye duka akipunguza rafu, bidhaa ya kwanza kuondoka ni ile isiyo na mwenye nguvu nyuma yake. Biliadi haimo katika Olimpiki, kwa hiyo ilikaa kwenye rafu ya pembeni tangu siku ya kwanza.

Lakini wenye mchezo nao wana sehemu yao ya lawama. Biliadi ni bidhaa moja kwa jina, ila kwa vitendo ni bidhaa tatu. Kuna snuka, yenye meza ya futi 12 ambayo kwa sababu ya mabamba yake ya mawe huzidi tani moja kwa uzito. Kuna pool, ambayo meza yake ya kimataifa ni futi 9. Na kuna karamboli, ambayo meza yake haina shimo hata moja na ambayo Wakorea na Wavietnamu wanaipenda sana. Kila tawi lina chama chake cha dunia, na juu yao upo muungano ulioanzishwa mwaka 1992. Mji mwenyeji ukikubali biliadi, umekubali kununua au kuazima meza za aina tatu. Ni nani anayetaka kuagiza mzigo wa vipimo vitatu kwa mteja mmoja?

Muungano huo ulitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1998. Kutambuliwa si kununuliwa. Uliomba kuingia Tokyo 2020 ukakosa. Uliomba Paris 2024, na mwaka 2019 Wafaransa wakachagua dansi ya breki, ubao wa magurudumu, kupanda kuta na kuteleza juu ya mawimbi. Oktoba 2023 ilipotangazwa michezo mitano ya nyongeza kwa Los Angeles 2028, jina la biliadi halikuwamo.

Nani aliumia, nani hakuumia

Hapa ndipo penye funzo la biashara. Katika nchi nyingi za Asia fedha za serikali kwa ajili ya michezo hufuata medali. Mchezo ukiwa na medali katika Michezo ya Asia, kuna kambi, kuna kocha, kuna zawadi. Medali ikiondoka, afisa wa bajeti anafunga faili. Mchezaji aliyekuwa na mnunuzi mmoja tu, yaani serikali, alibaki na fimbo mkononi.

Sasa tumtazame Pankaj Advani wa India. Alitwaa dhahabu ya biliadi ya Kiingereza Doha 2006 na tena Guangzhou 2010. Mlango wa Michezo ya Asia ulipofungwa, yeye hakufunga duka. Ni mwajiriwa wa shirika la mafuta na gesi la nchi yake, ONGC, na aliendelea kucheza mashindano ya dunia ya biliadi na snuka hadi akapita mataji 25. Alikuwa na zaidi ya mlango mmoja wa kuingizia riziki.

Mtazame pia Ding Junhui wa China. Doha 2006 aliondoka na dhahabu tatu za snuka: ya mmoja mmoja, ya wawili na ya timu. Lakini jina lake lilikuwa limekwisha kujengwa sokoni. Mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 18, alimfunga Stephen Hendry 9-5 katika fainali ya China Open, na taarifa za wakati ule zilisema watazamaji wa televisheni nchini China walizidi milioni 100. Watazamaji wanaleta matangazo, matangazo yanaleta wadhamini. Ndiyo maana baada ya Guangzhou mashindano ya kulipwa nchini China hayakupungua. Mwaka 2012, miaka miwili baada ya medali za mwisho, yakaongezwa mengine makubwa. Na Mei 2025 Zhao Xintong akawa Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa snuka, akimshinda Mark Williams 18-12 na kuchukua pauni 500,000. Bingwa huyo alipatikana wakati Michezo ya Asia imepita mara tatu bila biliadi.

Msomaji asiharakishe kusema kwamba soko siku zote ni bora kuliko kamati. Soko nalo lina maradhi yake. Ugonjwa wa Korona ulipoingia mwaka 2020, mashindano ya kulipwa yalisimama nchini China hadi 2023. Mwaka huohuo wa 2023 wachezaji 10 wa Kichina wakafungiwa kwa makosa yanayohusu upangaji wa matokeo na kamari, wawili kati yao maisha. Anayetegemea China peke yake aliumia kama alivyoumia aliyetegemea medali peke yake. Tatizo ni kuwa na mnunuzi mmoja, awe serikali, mdhamini au televisheni.

Turudi nyumbani

Funzo hili linatuhusu. Hapa kwetu meza ya pool imeenea kwenye baa na vibanda kuliko mchezo wowote wenye kuhitaji vifaa, na wenye meza hizo wengi ni wawekezaji wadogo. Namfahamu mmoja. Mdhamini alipoanza kudhamini mashindano katika eneo lao, naye akachukua mkopo na kuongeza meza nne kwa mara moja. Kwa misimu miwili mambo yalikuwa mazuri. Mdhamini akabadilisha mpango wake wa matangazo, mashindano yakaisha, mkopo ukabaki.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme meza imenunuliwa kwa shilingi 2,400,000. Mchezo mmoja ni shilingi 500, na kwa siku inachezwa michezo 16, yaani shilingi 8,000. Mwenye baa anachukua nusu, inabaki 4,000. Kwa siku 26 za mwezi ni 104,000. Toa 24,000 za kitambaa, fimbo, choki na fundi, inabaki 80,000. Meza italipa gharama yake kwa miezi 30.

Sasa tuseme kati ya ile michezo 16, sita ilikuwa inaletwa na joto la mashindano. Joto likipoa inabaki michezo 10, yaani shilingi 5,000 kwa siku, na mgao wako ni 2,500. Kwa mwezi ni 65,000. Fundi na kitambaa hawajui kwamba mdhamini ameondoka, bado wanataka 24,000. Unabaki na 41,000, na muda wa kurudisha mtaji unakaribia miezi 59. Umepoteza michezo sita tu kwa siku, lakini muda wa kusubiri umekaribia kuongezeka mara mbili. Aliyekopa kwa mkataba wa miezi 36 hapo ameshazama.

Kwa hiyo ushauri wa safu hii ni mfupi. Kwanza, kabla ya kuagiza meza, kaa kwenye baa hiyo siku tatu za kawaida, siyo siku ya fainali, uhesabu michezo. Hiyo ndiyo bei halisi ya biashara yako. Pili, mapato ya mashindano yaandike kwenye daftari lake peke yake. Yalipe deni haraka, yasilipie kodi ya nyumba. Tatu, ukisikia kwamba mchezo fulani “utaingia” kwenye michezo mikubwa, uliza nani anaweza kuutoa, na kama atakuuliza wewe kwanza.

Sisemi tuidharau medali. Medali inatangaza bidhaa bure, na mchezaji anayeipata anastahili heshima yake. Nasema tu kwamba tangazo si mteja. Wahenga walitukanya tusiache mbachao kwa msala upitao. Bangkok 1998 hadi Guangzhou 2010 ni miaka 12, na katika biashara 12 ni miaka ya kutosha kumfanya mtu asahau kwamba msala ule ulikuwa unapita.