Chombo cha Kufungulia Rimu za Motokaa za Kale

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hilo ni la kweli shambani, lakini katika karakana ya motokaa za kale halifai kufuatwa. Huko, fundi asiyechagua chombo huharibu kazi, na pengine huumiza mkono wake.

Motokaa nyingi zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya 1920 zilikuwa na rimu iliyokatwa mahali pamoja, nayo hufungwa kwa komeo dogo la chuma. Sababu yake ni kwamba rimu hiyo haina bonde katikati kama rimu za siku hizi, na ukingo wa tairi ni mgumu, haukubali kuvutwa. Basi hapana budi rimu yenyewe ipunguzwe kipenyo, ndipo tairi litoke.

Watu wengi hushika nyundo na mtaimbo. Tairi hutoka, lakini rimu hupinda, na rimu iliyopinda hairudii duara lake kwa urahisi.

Chombo kinachofaa ni kile chenye mikono mitatu, kila mkono una kulabu, na mmoja una skrubu ndefu. Kulabu hushika rimu mahali patatu, na mkono wa skrubu huwekwa karibu na mkato. Skrubu ikizungushwa, ncha moja ya rimu huvutwa ndani na kupita chini ya mwenzake. Ikizungushwa kinyume, ncha husukumwa nje hata zikutane tena.

Kabla ya kununua chombo, yafaa kujua kipimo. Tairi la zamani lililoandikwa 32 kwa 4 lina kipenyo cha inchi 32 kutoka ukingo wa nje hata ukingo wa nje, na unene wa inchi 4. Ukitoa 4 mara mbili, rimu ni inchi 24. Lakini tairi lililoandikwa 4.40-21 huenda kwenye rimu ya inchi 21. Asiyejua hesabu hii hurudi nyumbani na chombo kisichofika.

Kazi ianze kwa kutoa upepo wote. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, na rimu yenye ufa isitumiwe tena. Wakati wa kurudisha, ncha zikutane sawasawa na komeo lishike barabara. Kisha mnyororo uzungushwe juu ya tairi na rimu, upepo utiwe kidogo kidogo, na mwenye pampu asimame kando, wala asiinamie gurudumu. Komeo lisiposhika, rimu huweza kufyatuka kwa nguvu ya kuvunja mfupa.

Rimu ya karibu miaka 100 ni shida kuipata nyingine. Mkono wa fundi hauuzwi popote.