Kipaji Pekee Hakifungui Ukumbi

Ipo hoja iliyochapishwa kwamba jumba la maonyesho lishughulikie sanaa tu, kwani penye kipaji usawa utakuja wenyewe. Historia ya Kenya inaikanusha.

Mwaka 1976, miaka 13 baada ya uhuru, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya mpigania uhuru Dedan Kimathi ilitafuta nafasi katika Ukumbi wa Taifa wa Kenya. Ilipewa siku chache mno, maana ratiba ilikuwa imeshajaa maonyesho ya kigeni. Kipaji kilikuwepo: mwaka uliofuata tamthilia hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizoiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC mjini Lagos. Walichokosa wasanii ni kauli juu ya ratiba.

Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi walijijengea jukwaa la wazi, wakaigiza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa Kigĩkũyũ mwaka 1977. Watu walifurika. Serikali ikafuta kibali cha maonyesho hayo, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa.

Mwenye hoja amesema kweli katika jambo moja: mchezo mbovu hauokolewi na nia njema. Lakini ubora huja kwa mazoezi, na mazoezi yanadai ukumbi, fedha na muda. Kwa hiyo kila jumba linaloendeshwa kwa kodi ya wananchi litangaze hadharani ratiba yake, bei za tiketi na lugha za michezo, ili umma upime nani anapewa jukwaa na nani anaachwa nje.