Mpwa wangu amechubuliwa kwa kompyuta

Albamu ya sendofu ya mpwa wangu ililetwa nyumbani mwezi uliopita, jalada la ngozi, kurasa nzito kama vigae. Mama yangu akavaa miwani, akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akaniuliza kama walioileta hawakukosea nyumba.

Nikampigia simu mpigapicha. Kijana mwenye adabu, sina neno. "Shikamoo mzee. Hiyo staili inaitwa angavu, ndiyo inayotamba mjini sasa hivi. Halafu dada alikuwa mweusi kidogo, na kamera weusi haiushiki vizuri, kwa hiyo ikabidi nimsaidie."

Nimsaidie! Mtoto aliyezaliwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa ikakolea, rangi ya bibi yake mzaa mama, amesaidiwa mpaka amefanana na uji wa sembe. Serikali imepiga marufuku vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni, mkorogo ukikamatwa unateketezwa huku waandishi wakiitwa kushuhudia. Huu wa kompyuta hauteketezwi na mtu. Tunaulipia, tena kwa michango ya ukoo mzima.

Kijana huyu hakujitungia maneno yake. Nimeyasikia kwenye saluni, kwenye vikao vya harusi, hata kwa baba mmoja aliyekuwa akimhimiza mwanawe akae karibu na taa "asije akatoka meno matupu". Watu wazima wanaamini kweli kwamba ngozi nyeusi ni ugonjwa unaogunduliwa na kamera na kutibiwa na kompyuta.

Nilipokuwa kijana nilishika kazi miaka mitatu kwenye studio moja ndogo Tanga, enzi za mkanda, picha ukiipiga leo unasubiri isafishwe. Fundi wangu alinifundisha jambo moja kabla hajaniruhusu kugusa chochote: kamera ni mjinga. Kipimo chake cha mwanga hakijui uso, hakijui shela, hakijui ukuta. Kinajua kijivu tu, kile kijivu cha asilimia 18, na chochote kilicho mbele yake hukilazimisha kifanane nacho. Msimamishe bibi harusi kwenye ukuta wa chokaa, umvike shela jeupe, kamera itashtuka kwa weupe wote ule na kubana mwanga. Shela linakuwa la majivu, uso unazama. Dawa ni pale pale: ongeza mwanga hatua moja au moja na nusu, au upime usoni na ukuta uachane nao. Ni kuzungusha kigurudumu kimoja kwa kidole gumba. Kijana wetu hakuzungusha. Alirudi nyumbani, akavuta kila kitu juu kwenye kompyuta, uso ukachuja, ndipo akaupaka weupe. Kosa la kipimo, viboko kala mtoto wa watu.

Na hapo bado sijafika kwenye mafuta ya nazi.

Mama zetu walipotupeleka studio walitupaka mafuta usoni mpaka tukawaka. Tuliona ni ushamba. Kumbe walikuwa mafundi wa taa! Ngozi nyeusi haing'ai kama karatasi, inayotawanya mwanga kila upande. Inang'aa kama mpingo uliopigwa msasa, kwa kuakisi. Ukiiwashia flashi ndogo ya juu ya kamera, utapata kidoa kimoja cheupe kwenye paji la uso na kingine puani, mtu aonekane katoka kubeba magunia. Lakini mweke kwenye mwanga mpana na laini, dirisha kubwa, kivuli cha baraza mkabala na ukuta uliopakwa chokaa, na ule mng'ao unatandaa shavuni, unashuka shingoni, uso unapata umbo. Waliopiga filamu ya Moonlight, iliyochukua Oscar ya filamu bora mwaka 2017, waliwapaka waigizaji wao mafuta kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tumeyatupa mafuta, tumeleta mpaka rangi wa kumpulizia bibi harusi poda hadi akauke kama ubao wa darasani, halafu tunalalamika hang'ai.

Mpigapicha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga uani kwa mwanga wa jua, na kwa kawaida picha moja tu kwa mteja. Hakuwa na programu ya kumsaidia mtu. Zitazame nyuso zile mpaka leo.

Eti wengine husema, "lakini kamera zilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu." Hapa kuna chembe ya ukweli: Kodak ilipima rangi za picha kwa kadi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, maarufu kwa jina la Shirley, na inasemekana ni malalamiko ya watengeneza chokoleti na samani ndiyo yaliyochangia kampuni ikaanza kuujali udhurungi. Haya, mkanda umekufa. Kamera aliyonayo kijana huyu imetengenezwa juzi, inaona hata paka mweusi chini ya kitanda. Anamlaumu Shirley kwa shati lake mwenyewe aliloshindwa kulifunga vifungo.

Wengine wanasema ni mtindo, picha za Ulaya zote ziko hivyo, nyeupe na hewa tele. Wenzetu hao jua lao ni la pembeni, la kubembeleza. La kwetu saa sita mchana liko utosini, linachimba mashimo machoni, na ndiyo saa ambayo kamati ya harusi hupanga picha za ufukweni, kwa sababu saa kumi na moja jioni, mwanga ukiwa mtamu, maharusi wamefungiwa ukumbini wakimsubiri mshereheshaji ajaribu kipaza sauti. Na hao wapigapicha wanne wanaosimama mbele ya keki mpaka sisi tuliochanga tunaona migongo, na kile kidude cha kuruka kinachopeperusha ushungi wa bibi, hayo nitayasema siku nyingine.

Nimemwomba kijana aniletee picha ghafi, kama zilivyotoka kwenye kamera, kabla sijammalizia salio. Aliniahidi Jumamosi. Jumamosi ya tatu imepita. Jana kanitumia moja tu kwa simu, ya mama yangu amekaa barazani na kanga yake. Uso umetoka vizuri kabisa, kila kunyanzi mahali pake. Chini yake ameandika: "Hii samahani mzee, nilisahau kuisafisha."