Tadbiri Kabla ya Bamvua

Masika moja, asubuhi iliyofuata usiku wa mvua isiyokatika, nilisimama katika uchochoro wa mtaa mmoja wa bondeni, Dar es Salaam, nikitazama mfuniko wa chemba ukiinuka na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, na kandokando yake yakitoka maji meusi yaliyotambaa hadi kizingiti cha nyumba ya mama mmoja wa makamo, ambaye alikuwa amekwisha kupanga matofali mlangoni na sasa akinyunyiza majivu kwa kopo, bila ya ghadhabu wala malalamiko, kama mtu atimizaye kazi ya kila mwaka. Nilipomwamkia na kumpa pole alinijibu kwamba bahari imejaa, na kwamba ikipwa, maji ya mlangoni nayo yatashuka. Ikawa kama alivyosema. Kabla ya saa tano maji yalikuwa yamekwisha kurudi shimoni, yakiacha ukutani mstari mweusi juu ya mistari mingine ya miaka iliyopita.

Mama yule, ambaye hakupata kusomea uhandisi, alikuwa na ilimu ambayo aghalabu hukosekana katika michoro ya miji yetu ya pwani: kwamba majitaka na bahari ni majirani, na jirani mmoja akipanda, mwingine hana budi kurudi nyuma. Hoja yangu basi ni moja. Kusiwe na bomba, bwawa wala kituo cha kusukuma majitaka kitakachojengwa au kukarabatiwa katika pwani yetu pasipo kupimwa kwanza kwa kimo cha bahari ya miaka 50 ijayo, badala ya kimo cha bahari ya leo.

Asili ya hatari hii si uzembe wa waliotutangulia. Maji huteremka, na mhandisi mwenye busara, akitaka kupunguza gharama ya pampu na umeme, huyaacha majitaka yajiendee yenyewe kwa mteremko. Na mwisho wa kila mteremko katika mji wa pwani ni ufukwe au bonde la mto. Ndiyo maana mabwawa ya majitaka ya Vingunguti yako jirani na Mto Msimbazi, na bomba kongwe la Ocean Road huishia baharini, kama iishiavyo mifereji ya zamani ya Mji Mkongwe wa Unguja. Tadbiri ile ilikuwa njema maadamu bahari ilidhaniwa kuwa itakaa mahali pake.

Lakini bahari haikukaa. Jopo la wanasayansi lililoundwa na serikali za dunia kuchunguza tabianchi lilithibitisha kuwa kati ya 1901 na 2018 kimo cha bahari kilipanda kwa wastani wa sentimita 20, na kwamba mwendo wake umezidi kasi, hata kufikia milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Ifikapo 2100 bahari yaweza kuwa imeongezeka kwa takriban sentimita 30, au kwa mita nzima, kwa kadiri ya moshi tutakaokuwa tumeutoa. Huenda msomaji akauliza, shibiri moja ya maji ni kitu gani kwa watu waliozoea bamvua la zaidi ya mita tatu baina ya kujaa na kupwa? Jawabu ni kwamba bamvua halikuondoka. Sasa hupanda likiwa limebeba shibiri hiyo mabegani. Bomba lisilo na pampu hutegemea tofauti ya kimo baina ya mwanzo wake na mwisho wake, na kila sentimita ambayo bahari hupanda huipunguza tofauti hiyo. Maji ya chumvi huingia kwa mdomo wa bomba, yakala chuma na zege, na yakifika kwenye mitambo huwadhoofisha vijidudu vinavyoumeng'enya uchafu. Kwa upande wa bara, mvua za masika huingia katika chemba, na bomba lililokadiriwa kwa majitaka ya nyumbani likatakiwa kubeba mto. Bamvua likikutana na masika, majitaka hayana pa kwenda isipokuwa kule yalikotoka, nako ni majumbani mwa watu.

Wapo walioliona jambo hili mapema. Wahandisi wa Boston, nchini Marekani, walipokuwa wakichora mtambo mkubwa wa kusafisha majitaka mahali paitwapo Deer Island, mnamo 1989, waliamua kuuinua kwa zaidi ya nusu mita, ili bahari itakapopanda maji yaliyosafishwa yaendelee kutoka kwa mteremko bila ya kusukumwa. Wakati ule suala la tabianchi lilikuwa bado geni katika masikio ya watu wengi, wala hapakuwa na gharika iliyowashurutisha. Walitumia akili tu.

Wengine walijifunza kwa hasara. Kimbunga Sandy kilipoipiga pwani ya mashariki ya nchi hiyo hiyo, Oktoba 2012, bahari iliingia katika vituo vya majitaka vya New York na majimbo jirani, ikazamisha mota na makabati ya umeme, na mabilioni ya lita za majitaka yakamwagika mitoni na baharini. Mwaka uliofuata mji ule ulipima kituo kimoja kimoja, ukabaini kwamba mitambo yake yote 14 ya kusafishia, pamoja na vituo 58 kati ya 96 vya kusukumia, imo hatarini. Ukakadiria kuwa dola milioni 315 zikitumiwa kuinua, kuziba na kukinga, zingeepusha hasara ya zaidi ya dola bilioni 1. Na karibu zaidi na kwetu, Kimbunga Idai kilipoubomoa mji wa Beira, Msumbiji, Machi 2019, mwezi haukwisha kabla kipindupindu hakijathibitishwa, na wagonjwa wa mji huo na wilaya za jirani wakazidi 6,000. Kwetu pia mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaua watu wapatao 40 Dar es Salaam, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Sisi si wageni wa habari hizi.

Nitaambiwa kwamba sisi ni mafukara, na kwamba ni sehemu ndogo tu ya wakazi wa Dar es Salaam waliounganishwa na mtandao wa majitaka, hivyo tujenge kwanza, mengine yatafuata. Naiheshimu hoja hiyo, lakini naona inathibitisha kinyume chake. Ashonaye kanzu mpya hapati taabu kuongeza shibiri moja ya pindo. Mwenye kurefusha kanzu iliyokwisha kushonwa ndiye amlipaye fundi mara mbili, na kiungo kikaonekana. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mabomba yetu bado haijalazwa, tunayo fursa ambayo New York haikuwa nayo. Na mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mnamo 2022, umetuonyesha kuwa fedha za kazi kama hizi hupatikana pakiwa na mpango.

Mpango wenyewe hauanzi kwa fedha nyingi, bali kwa daftari. Kila kituo kiandike, katika kila bamvua na kila masika, maji yamefika alama gani, yamekaa saa ngapi, na pampu ipi imezimika. Kwani bila ya kumbukumbu hizo hata mtaalamu aliyebobea atakisia tu. Kisha makabati ya umeme na jenereta yawekwe juu ya alama ya juu kuliko zote. Midomo ya mabomba iendayo baharini ifungwe valvu zinazoruhusu maji kutoka na kuyazuia kurudi. Kingo za mabwawa ziinuliwe. Na mvua ipewe mitaro yake, ili wananchi waache kufungua mifuniko ya chemba kuyatoa maji uani. Mikoko ya milango ya mito ilindwe kama mali ya idara, maana huvunja nguvu ya mawimbi bila ya kudai mshahara. Na kwa yale yasiyowezekana leo, iandikwe kabisa kwamba maji yakifika alama fulani kazi fulani itaanza, ili uamuzi usingoje gharika.

Wala wasisahauliwe walio nje ya mtandao, nao ndio wengi. Bondeni watu hungoja mvua kubwa ili watapishe vyoo vyao, si kwa kupenda uchafu, bali kwa kuwa gari la majitaka halipiti uchochoroni mwao au bei yake imewashinda. Kuwalaumu ni dhuluma. Halmashauri na mamlaka za maji zikipeleka huduma ya kunyonya vyoo kwa bei nafuu mwezi mmoja kabla ya masika, na kuwapa vyura, yaani vijana wanaotapisha vyoo kwa mikono, vifaa na mafunzo ya kazi yao, zitazuia maradhi mengi kwa gharama ndogo kuliko ile ya kambi ya kipindupindu.

Nawasihi basi madiwani, wahandisi na wakurugenzi wa mamlaka za maji, kuanzia Mtwara na Tanga hata Unguja na Mombasa, kwamba kila mara mtakapoletewa mchoro mtie saini, muulize kwanza swali moja: umepimwa kwa bahari ya mwaka gani? Ikiwa jawabu ni bahari ya leo, urudisheni. Mstari wa masika yajayo katika ukuta wa yule mama utachorwa na saini hiyo.