Mambo ya Nyumbani: Siri ya Mgonjwa ni ya Nani?



Mtu akiumwa jino husema mbele ya wote, lakini akiumwa moyo hufungiwa mlango. Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927, nayo imetibu watu wengi. Hata hivyo, vinywani mwetu jina lake limekuwa mzaha. Kwa hiyo mwenye huzuni isiyokwisha, au asiyepata usingizi tangu kufiwa, hunyamaza mpaka maradhi yamlemee. Wahenga walisema, Mficha maradhi kifo humuumbua.

Wengi hawana haja ya kulazwa. Hutibiwa kwa mazungumzo, wakikutana mara kwa mara na mshauri nasaha au mwanasaikolojia aliyefundishwa kazi hiyo. Basi, aendaye siku ya kwanza yafaa ajue haki zake.

Kwanza, ana haki ya kuuliza mshauri amesomea nini, na atamtibu kwa njia gani. Naye aelezwe kwa lugha aijuayo. Bibi anayesema Kinyaturu au Kinyiramba tu apate mkalimani. Wala mkalimani huyo asiwe mumewe au jirani yake, maana mbele yao hatasema lililomleta.

Pili, aulize ada kabla ya kuketi, na kikao huchukua muda gani. Aulize pia kama atatozwa asipofika; akizuiwa na mvua au msiba, apeleke habari mapema.

Tatu, ni habari ya siri. Mshauri hana ruhusa ya kusimulia aliyoyasikia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Lakini siri ina mipaka: mgonjwa akitaka kujiua au kumdhuru mwingine, au mahakama ikitoa amri. Tena, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampasa kila mtu mwenye habari kwamba haki za mtoto zavunjwa azipeleke kwa serikali ya mahali pale. Mshauri mwema huieleza mipaka hii siku ile ya kwanza, ili mgonjwa aseme akijua.

Nne, ana haki ya kukataa swali, kubadili mshauri, au kuacha. Hata kwa kulazwa, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 yatofautisha aingiaye kwa hiari na apelekwaye bila hiari. Huyu wa pili ana utaratibu wake wa sheria. Na mshauri akitaka mapenzi, mgonjwa aondoke, akamshtaki kwa mkuu wa hospitali au kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya.

Sasa nasema nasi tunaosindikiza. Mume humleta mkewe, baba humleta kijana, mwalimu humleta Mkristo wake, halafu mgonjwa akitoka twamzunguka: "Umesema nini juu yetu?" Wengine humfuata mshauri mwenyewe wakidai habari, kwa kuwa wao ndio waliolipa. Ndugu, ada yako imelipa saa ya mshauri. Maneno ya mgonjwa hukuyanunua. Kijana akijua kwamba aliyoyasema yamefika kwa baba yake, siku ya pili atakaa kimya, nawe utalipia kimya hicho, na ugonjwa utabaki palepale.

Nasi walimu tuna jaribu letu. Mtu akitueleza shida yake, twapenda kuifanya mfano wa mafundisho siku ya Jumapili, tukificha jina. Lakini kijiji kina masikio. Kabla ya wimbo wa mwisho wote wamekwisha kumjua, na mwingine mwenye shida kama ile hatatujia tena.

Basi, msindikizeni mgonjwa wenu, mkamngoje nje chini ya mti. Akitoka, mwulizeni kama amechoka, na kama ana njaa. Miadi yake ijayo iandikeni ukutani, msiisahau. Akitaka kusema zaidi, atasema mwenyewe njiani.

Hayo yatosha kwa mwezi huu. Kaeni salama.

Ni mimi, mwalimu wenu.